Maombi Hadi Saa Tisa

"Korongo, ndovu wamevuka mto."

Saa tano na dakika kumi na mbili, Ijumaa asubuhi. Redio ikanyamaza.

Celestine Nakhumicha, ambaye redioni jina lake lilikuwa Korongo, alikanyaga mafuta. Subaru Forester ya kijivu ilipita lori la viazi karibu na Gilgil, ikapita jingine, ikarudi upande wake sekunde mbili kabla ya basi lililokuwa likija kwa kasi, dereva akimtukana kwa honi. Mita mia nne mbele yake Land Cruiser nyeupe ilikuwa ikielekea Naivasha bila wasiwasi wowote.

"Rudia," alisema.

"Wamevuka wote. Hakuna aliyebaki ukingoni."

Alikuwa ameomba habari hiyo isije leo.

Sasa sikiliza. Hadithi za majasusi huwa na bunduki, na mimi nakuletea hisa. Bunduki ipo, usiwe na pupa. Glock 19 ilikuwa kiunoni kwa Celestine na ilikuwa imejaa. Shida ni kwamba mtu aliyekuwa kwenye Land Cruiser alikuwa akiiba kwa kitu ambacho risasi haikipati.

Aliitwa Voss. Pasi yake ya kusafiria ilisema hivyo, ingawa Idara ya Ujasusi ilikuwa na nakala za pasi nyingine mbili zenye uso uleule. Jirani zake kando ya ziwa walimjua kama mnunuzi wa maua. Mtu mpole, akikupita anakusalimu.

Kuna kitu kinaitwa Mfuko wa Bonde. Ukinunua kipande chake kimoja sokoni, umenunua vijipande vya kampuni ishirini kwa mpigo. Huchagui. Kampuni zikipanda unapanda nazo, zikianguka mnaanguka pamoja. Waliokuwa wakiubeba Mfuko huo ni wakubwa: mifuko ya pensheni, kampuni za bima, benki za ng'ambo. Hao ndio Idara iliwaita ndovu. Wakinunua, bei inapanda. Wakiuza, mtu mdogo anabaki ameshika mkia wa ng'ombe aliyeenda.

Basi mtu mdogo atafanya nini? Atafuata nyayo. Na kulikuwa na ripoti ya kumsaidia, jina lake Nyayo, iliyoingia kwenye simu za wenyeviti wa Sacco, vyama vya akiba na mikopo, kutoka Naivasha hadi Olenguruone kila Ijumaa. Ilisema nani kati ya wakubwa amenunua Mfuko wa Bonde wiki hiyo na nani ameuza. Kwa miaka miwili haikukosea hata mara moja. Kuna wenyeviti walioisoma kabla ya kupiga mswaki.

Ripoti hiyo ilikuwa ya Voss.

Alisema ukweli miaka miwili ili siku moja adanganye na aaminiwe. Ujinga wa wezi wetu ni kwamba hawana subira hiyo.

Kazi ya Celestine ilikuwa kufuata ndovu halisi. Wiki sita alikuwa amekaa kwenye ofisi moja ya Nakuru isiyo na kibao, mbele ya laptopu yake ya kazi, Toughbook, akiangalia kila kipande kilichouzwa na kila kilichonunuliwa. Aliona wakubwa wakitoka mmoja mmoja, polepole, wasije wakashtua soko. Na aliona nani aliyenunua walichouza: kampuni kumi na moja zisizo na ofisi wala wafanyakazi, zote zikiendeshwa na laptopu moja. Voss alikuwa akinunua mwenyewe kwa pesa za mkopo ili bei isianguke, halafu ripoti yake inaandika kwamba wanaonunua ni ndovu.

Sasa ndovu wote walikuwa wameuza na kutoka. Voss alikuwa amekaa juu ya mlima wa vipande peke yake, kwa bei ya shilingi tisini na moja, na alihitaji mtu wa kumwachia mlima huo leo kabla soko halijafungwa saa tisa alasiri. Ndege yake ndogo ilikuwa ikimngoja saa kumi.

Mtu huyo alikuwa amepatikana. Sacco ya wafanyakazi wa maua, Karagita, kando ya ziwa la Naivasha. Watu elfu saba. Kiinua mgongo chao chote.

Mmoja wao alikuwa Immaculate, mama yake Celestine, miaka ishirini na miwili kwenye maua.

"Mkubwa," alisema kwenye redio, "naomba ruhusa niwaambie Karagita."

"Hapana."

Huyo alikuwa Kiptanui, mkuu wake, mtu wa Bonde la Ufa aliyezeeka kwenye Idara na asiyependa sentensi ndefu.

"Watanunua leo, mkubwa."

"Wacha wanunue. Namtaka Voss na pesa mkononi. Pesa isipohama, mahakamani huyo ni mzungu wa maua tu."

"Na watu wa Sacco?"

"Watashughulikiwa," Kiptanui alisema.

Celestine alilijua neno hilo. Watu wa Bonde wameshughulikiwa mara nyingi na bado wanangoja. Alitaka kubisha na hakuwa na la kubisha nalo, kwa sababu alikuwa amekula kiapo, na kwa sababu mzee alikuwa na hoja. Mwenyekiti wa Sacco, Joash Wasike, alikuwa akipiga simu kwa watu wa Nyayo kila saa kuuliza ushauri. Ukimwambia Joash saa sita, Voss anajua saa sita na dakika moja. Saa saba yuko hewani.

Kwa hivyo aliendelea kuendesha gari.

Saa saba na nusu alikuwa amelala kifudifudi chini ya migunga, mita mia mbili kutoka nyumba ya Voss kando ya ziwa. Darubini ya Nikon kwenye jicho. Toughbook kwenye nyasi. Kwenye sikio la kushoto alikuwa na Kiptanui. Kwenye sikio la kulia alikuwa na ukumbi wa Karagita, maana vijana wa Idara walikuwa wamebandika kinasa sauti nyuma ya spika tangu juzi.

Voss alikuwa kwenye veranda, miguu juu ya meza, laptopu mapajani. Alikuwa akila embe.

Sikioni mwa kulia Joash alikuwa akihutubia wajumbe mia nne wa Sacco. Alikuwa mtu mwema, Joash, na hilo ndilo lililomuuma zaidi Celestine. Hakuwa amehongwa. Alikuwa ameamini tu. Aliwasomea watu ripoti ya asubuhi, akawaambia kwamba pensheni za walimu zimenunua, bima zimenunua, wazungu wamenunua, na ni watu wa Karagita peke yao waliolala. Akauliza wanaokubali wainue mikono.

Alisikia viti vikilia. Watu walikuwa wakiinuka kabisa ili mikono yao ionekane.

"Hesabu ni wote," Joash alisema, na watu wakapiga makofi.

Wote. Na mama yake.

Celestine aliweka kipaji chake cha uso kwenye nyasi. Alikuwa na bunduki, droni, gari lenye injini ya turbo, na mamlaka ya kusikiliza simu ya mtu yeyote kati ya Nakuru na Naivasha. Alichotaka ni mtu mmoja wa kumwambia neno moja, na hilo ndilo alilonyimwa. Alijisikia mjinga.

Kwenye Toughbook maagizo ya kuuza yalianza kujipanga. Kampuni ya kwanza, ya pili, ya tano, ya kumi na moja. Tisini na moja, tisini na moja, tisini na moja. Mlima mzima ulikuwa mezani ukingoja mnunuzi.

Sasa nikuambie jambo moja la Sacco hiyo. Zamani walikuwa na mweka hazina aliyewahi kutia sahihi vitu wakati watu wanakunywa soda. Wakamfukuza, na tangu hapo wakaweka sheria yao. Mkutano unafunguliwa kwa maombi na kufungwa kwa maombi. Karatasi inatiwa sahihi baada ya Amina ya mwisho, mbele ya watu wote, simu zote zikiwa zimezimwa hadi hapo. Ndipo mwenyekiti anawasha simu yake na kumpigia dalali wa hisa Nairobi. Sheria hiyo haijaandikwa popote. Lakini jaribu kuivunja uone.

Saa nane na dakika nane simu ya Celestine ilitetemeka kifuani. Ilikuwa mama.

Idara ilikuwa ikiisikiliza simu hiyo. Alijua. Akapokea hata hivyo.

"Mama, sasa."

"Poa, mtoto wangu. Nimetoka nje kidogo kabla hawajazima masimu. Uko ofisi?"

Mama alidhani kazi yake ni bima, mjini Nakuru. Alisema ndiyo, yuko ofisi.

Mama alikuwa na furaha hadi sauti ilikuwa ikipanda. Alieleza kwamba wamepitisha, kwamba pesa ya uzee sasa itazaa, kwamba atajenga nyumba ya matofali kule Bungoma na choo ndani. Halafu akatoa habari yenyewe. Katekista ameenda matanga Olenguruone, kwa hivyo Joash amempa yeye heshima ya kufunga mkutano kwa maombi. Lakini amemwambia iwe dakika mbili. Amemrudia mara tatu, dakika mbili, Mama Immaculate, tunangojwa na soko.

Joash alikuwa na sababu. Karagita nzima inajua maombi ya Mama Immaculate. Kuna harusi wali uliungua.

Celestine alitazama saa. Dakika hamsini zilibaki soko lifungwe.

"Mama," alisema. "Usiombe fupi."

"Ati nini?"

"Umefanya hiyo kazi miaka ishirini na miwili. Wangapi wamekufa kabla ya kuona kiinua mgongo?"

"Wewe! Wengi. Wengi sana."

"Wataje wote. Na majina yao, na watoto waliacha."

Nyuma ya mama kulikuwa na kelele za viti na mtu akiwaambia watu warudi ndani.

"Nikianza hiyo si nitafika saa tisa?"

"Fika."

"Mwenyekiti atanichukia."

"Najua."

"Kuna nini, Celestine?"

Hapo ndipo alipotaka kusema. Maneno yalikuwa mdomoni, machache tu, na upande wa pili wa waya kulikuwa na mzee wa Idara aliyekuwa anahesabu pumzi zake.

"Nakuomba tu, Mama. Usiniulize."

Simu ikakatika. Hakujua kama mama amekubali. Sikio la kushoto lilifunguka mara moja.

"Korongo. Hiyo simu ilikuwa ya nini?"

"Ya mama, mkubwa. Mambo ya kanisa."

Kiptanui alikuwa amesikia kila neno. Alikuwa na mama pia, nafikiri, wakati fulani.

"Zima hiyo simu," alisema mwishowe.

Saa nane na dakika ishirini, sikioni mwa kulia, Mama Immaculate alikohoa.

"Tusimame. Tuinamishe vichwa. Baba."

Kutoka hapo hakuna kitu Celestine angeweza kufanya. Hakuna kabisa. Alilala kwenye nyasi akamsikiliza mama yake.

Mama alianza na shukrani kama kawaida: mvua, ziwa, kazi. Dakika tatu. Celestine alisikia Joash akisema Amina ya kumsukuma. Halafu mama akavuta pumzi na kusema kwamba kabla hawajafunga, Baba, kuna watu walitakiwa kuwa hapa leo.

Alianza na Adero wa chumba cha kupakia, aliyeacha mapacha. Akamwambia Mungu mapacha hao wako darasa la ngapi. Akaenda kwa Sitati wa bomba la dawa, ambaye kifua kilimsumbua miaka minne, na mkewe akauza kitanda. Akaenda kwa Chepngeno aliyegongwa na boda boda siku tatu kabla ya kustaafu. Kila mtu alipewa nafasi yake. Mama hakuharakisha.

Kwa jina la tano watu walikuwa wakiitikia. Mama akisema jina, ukumbi unasema, "Mkumbuke, Baba." Kwa jina la kumi kuna mwanamke alianza kulia kwa sauti.

Saa nane na dakika thelathini na tano. Joash alijaribu ile mbinu ambayo kila mtu wa kanisa anaijua: alianzisha wimbo. Ukitaka kumkata mtu maombi bila kumkosea, unaanza pambio, watu wanadaka, naye anamalizia ndani ya wimbo. Aliimba mstari mzima peke yake. Hakuna aliyedaka. Mtu anamtaja marehemu dada yako kwa Mungu, wewe utaimba?

Celestine alijikuta akicheka na machozi yakitoka, yote kwa pamoja, akajifuta haraka na mkono wa jaketi.

Kwenye veranda Voss alishusha miguu.

Alitazama saa. Alitazama laptopu. Mlima ulikuwa palepale, tisini na moja, hakuna mnunuzi. Alipiga simu. Celestine aliona namba ikitokea kwenye Toughbook: ya Joash, imezimwa. Alipiga tena. Imezimwa. Alipiga mara sita, na ya sita aliitupa simu kwenye maganda ya embe.

Saa nane na dakika arobaini na tatu aliinuka, laptopu kwapani, akakimbilia Land Cruiser.

"Mkubwa, kobe ametoa kichwa. Ametoka na mashine."

"Unasema ametoka nayo?"

"Anaenda Karagita."

Kiptanui alitukana kwa Kikalenjin, polepole na kwa heshima. Mwaka mzima Idara ilikuwa inatafuta njia ya kuitoa laptopu hiyo kwenye nyumba yenye kamera kumi na mbwa wanne. Mashine hiyo ilikuwa imetegwa: ukiifunga kifuniko bila neno la siri, inajifuta. Na sasa mwenyewe alikuwa ameibeba kwenda nayo mkutano wa watu.

"Mfuate. Usimguse mpaka nikuambie."

Subaru ilimfuata kwenye barabara ya ziwa, kati ya seng'enge na mapaa ya nailoni ya mashamba. Boda boda zilikimbilia kando. Sikioni mama alikuwa amefika mwaka wa kumi na nne.

Saa nane na dakika hamsini na moja Voss alifunga breki mbele ya ukumbi, akaacha mlango wazi, akaingia ndani na laptopu yake.

Celestine aliegesha nyuma yake, akasikia yote kwa kinasa. Hatua za haraka. Halafu mnong'ono mkali wa mwanamke wa mlangoni.

"Boss, kofia. Tunaomba."

Voss alijua Kiswahili vizuri. Alisema ana haraka, anataka kumwona mwenyekiti. Wanaume wawili walimwambia shhh. Mtu mmoja, bila ubaya wowote, alimwekea mkono mzito shingoni na kumsaidia kuinama. Watu mia nne walikuwa wamesimama macho yamefumbwa, wamejaa kutoka ukuta hadi ukuta, na Joash alikuwa mbele kabisa. Dunia hii ina njia nyingi za kupita, lakini katikati ya wanawake wanaolia na kuomba hakuna njia.

Alisimama hapo ameinama dakika nne.

Mama Immaculate huomba jicho moja likiwa wazi. Akamwona.

"Na huyu mgeni, Baba," alisema, "ameingia kwako na haraka. Hatumjui, wewe unamjua. Mbariki. Umpe moyo wa kutulia."

"Mbariki, Baba," ukumbi ulisema.

Voss alitoka nje kinyumenyume.

Saa nane na dakika hamsini na sita. Aliweka laptopu kwenye boneti ya Land Cruiser na kuanza kubonyeza, jasho likimtiririka. Toughbook ilionyesha kila kidole chake. Tisini na moja ikawa themanini na nane. Ikawa themanini na nne. Kampuni zote kumi na moja zilishusha bei kwa sekunde moja, kwa mkono mmoja. Hakuna aliyenunua. Sabini na sita.

"Mkubwa, naona anauza kwa mkono wake mwenyewe. Nina picha. Nina sauti."

"Pesa imehama?"

"Hapana."

"Basi ngoja. Sacco wakimaliza—"

"Mkubwa, ataifunga mashine."

Ilikuwa kweli. Voss alikuwa ametazama kioo cha pembeni na kuona Subaru. Mkono wake ulienda kwenye kifuniko.

Celestine hakungoja jibu. Aliruka nje ya gari, hatua nne, na kuingiza vidole vya mkono wa kushoto kati ya skrini na vitufe.

Voss alibamiza kifuniko.

Mfupa ulilia. Alibamiza tena, kwa kiganja, kwa uzito wake wote. Celestine hakutoa mkono. Kwa mkono wa kulia aliitoa Glock na kuiweka nyuma ya sikio la Voss.

"Mara ya tatu," alisema taratibu, "nitasahau nimetumwa."

Voss aliinua mikono. Toyota mbili za Idara ziliingia uwanjani bila king'ora. Watu wanne, pingu, mfuko wa rangi ya fedha, wa kuzuia mawimbi, wa kufunikia mashine. Sekunde tisini na hapakuwa na kitu pale ila vumbi na kofia ya mgeni.

Ndani ya ukumbi watu walisema Amina. Ilikuwa saa tisa na dakika moja.

Alimsikia Joash akitia sahihi mbiombio, akiwasha simu, akimpigia dalali. Soko lilikuwa limefungwa. Halafu akasikia kalamu ikianguka, na sauti ya mtu mwema aliyekasirika.

"Mama Immaculate. Umetuua."

Hapo hadithi ingeisha vizuri. Ya mtu mwingine ingeisha. Mimi nakasirika nikifika hapa, kwa hivyo nitapita haraka.

Jumamosi saa nne asubuhi Voss alipanda ndege. Kulikuwa na simu kutoka juu, na juu ya hapo kulikuwa na simu nyingine. Alibadilishwa kwa kitu ambacho Celestine hakuambiwa. Kiptanui alimwita kwenye ofisi isiyo na kibao, akautazama mkono wake uliofungwa plasta, akasema amefanya kazi safi. Kisha akasema faili imefungwa, hakuna kitu kilichotokea Karagita, na kwamba hiyo ni amri.

"Na wao waambiwe nini, mkubwa?"

"Wakiambiwa, kila Sacco ya Bonde itakimbia soko Jumatatu. Unataka hivyo?"

Hakutaka hivyo. Hiyo ndiyo shida na Kiptanui, huwa na hoja.

Jumapili ndovu waliitwa kunywa chai Nairobi na kuombwa kwa adabu warudi sokoni. Jumatatu walirudi. Walichukua mlima wote wa Voss kimyakimya, na bei ya Mfuko wa Bonde, badala ya kuanguka, ikapanda hadi tisini na nane. Redio ikasema ni wiki nzuri kwa wawekezaji. Ripoti ya Nyayo haikuonekana tena, na watu wakadhani mwenyewe ametajirika akapumzika.

Karagita walinunua Jumanne, kwa shilingi saba zaidi kwa kila kipande. Kila mtu mwenye simu alipiga hesabu ya walichopoteza. Kwa hesabu yao, mwanamke mmoja aliwakosesha hayo yote kwa kupenda kusikika.

Celestine alienda kumwona mama Alhamisi saa kumi. Alipita kwenye ploti ya vyumba vya kupanga, mlango baada ya mlango, na majirani waliokuwa wakiosha vyombo hawakuinua macho. Mama alikuwa ameketi kitandani, chumba kimefagiliwa, chai kwenye thamosi. Aliuliza mkono umefanya nini. Celestine akasema mlango wa gari.

Mama alimmiminia chai, akamweleza bila kulalamika. Kamati imemtoa. Kikundi cha akina mama kimemrudishia kitambaa alichokuwa amewashonea. Kazini kuna wasichana wakimwona wanafumba macho na kusema "Baba" kwa sauti nyembamba, halafu wanacheka. Mapacha wa Adero tu ndio walimletea mkate.

"Sikusema ni wewe uliniambia," mama alisema. "Hiyo usiogope."

"Asante, Mama."

"Nataka kukuuliza kitu moja, kisha sitauliza tena. Wewe umesoma. Hiyo siku, nilikosea?"

Jibu lilikuwa neno moja. Celestine alilishika kinywani na likamchoma. Alimtazama mama yake usoni, yule aliyewaokoa watu elfu saba akiwa amesimama na viatu vya mpira, mbele ya mwizi mwenyewe, akamwombea na baraka.

"Sijui, Mama," alisema.

Mama alitikisa kichwa polepole. Alifunga thamosi.

"Basi kama hata wewe hujui, nilikosea. Jumapili nitasimama kanisani mbele ya watu niombe msamaha. Utakuja?"

Simu ilitetemeka kifuani. Ujumbe ulikuwa mfupi: Korongo, Olenguruone, saa kumi na mbili.

"Nitakuwa kazini, Mama."

"Haya. Kazi ni kazi."

Celestine alisimama, akavaa miwani yake ya jua, akaurekebisha mshipi ili Glock isionekane. Alivuka ua katikati ya majirani kwa mwendo uleule aliofundishwa Idarani, bila haraka, mabega yametulia, bila kugeuka nyuma. Aliwasha Subaru kwa mkono mmoja na akaondoka.